Je, mtoto atakula tarumbeta?

(Haya niliyaongea Jumamosi ya kuamkia Pasaka hapa Tukuyu, siku tunafunga kambi ya matarumbeta. Wengi waliuliza nimeyaandika wapi, basi nimeyaandika hapa karibu kama nilivyoyasema.)

Mwanakondoo ameshinda! Shikamooni wazee wangu. Baba mchungaji, mama mchungaji, wazazi wote mliokuja na mvua hii, na nyie vijana ambao midomo imewavimba wiki nzima, poleni sana na ndaga fijo, yaani asanteni sana.

Jumanne vijana walikuwa wanafanya mazoezi pale chini ya mparachichi, mzazi mmoja akaja akasimama karibu na mimi, akasikiliza weee, mwisho akaniuliza kwa upole kabisa, mwalimu, hivi huyu mwanangu atakula tarumbeta? Sikumjibu pale pale. Nilimwambia baba nipe mpaka Jumamosi, na leo namwona amekaa pale nyuma, kwahiyo kila nitakachosema leo namsemea yeye kwanza.

Jibu langu ni kwamba watu wamekula tarumbeta, na fidla, na viola ile fidla kubwa kidogo, wamesomesha watoto na kujenga. Na wengine walishinda njaa na kipaji chao kikubwa mkononi. Mimi nimepiga tromboni miaka mingi, nusu ya umri wangu nilikuwa kwenye bendi ya ajira, na huwa napenda sana kusoma maisha ya hawa watu wa okestra, na kitu nilichokiona mara kwa mara ni kwamba kilichowatenganisha wa kwanza na wa pili mara nyingi ilikuwa karatasi. Karatasi gani walisaini, au hawakusaini kabisa.

Niseme kidogo neno lenyewe maana hapa tukisema okestra wazee wanakumbuka dansi, Maquis na wenzao, na ni kweli zilijiita okestra. Leo nasemea ile ya mafidla, watu sitini hadi mia wanasoma nota, wanaopiga kazi nzito za akina Haydn na Beethoven, pamoja na ndugu zao wa muziki mwepesi, wale wa waltz, ile dansi ya mapigo matatu, na nyimbo za kufungulia vipindi vya redio na muziki wa mahotelini na kwenye meli. Hawa wa pili watu wanawadharau na mimi sikubaliani kabisa, kupiga kitu chepesi kikasikika chepesi ni kazi ngumu mno, muulizeni kijana yeyote hapa tuliyemrudisha mstari mmoja wa waltz mara arobaini Jumatano.

Sasa Joseph Haydn. Amezaliwa 1732 kijiji kinaitwa Rohrau, Austria, baba yake fundi wa magurudumu ya mikokoteni, mama alikuwa mpishi nyumbani kwa bwana mkubwa. Yaani mtoto wa fundi kama nyie. Akachukuliwa mdogo kwenda kuimba kwaya ya kanisa kuu la Vienna, sauti ilipovunjika wakamtoa, akabaki mjini hana mbele wala nyuma, anafundisha watoto wa watu, anapiga fidla mitaani usiku apate cha kula. Mwaka 1761 ndo akapata ajira kwa ukoo wa Esterházy, matajiri wa kutupwa wa Hungaria, na ule mkataba wake upo mpaka leo unasomeka. Unasema avae sare, soksi nyeupe, nywele zipakwe poda. Unasema mara mbili kwa siku asimame chumba cha nje kusubiri bwana aseme kama anataka muziki. Na unasema kila atakachotunga asimpe mtu mwingine wala asimtungie mtu mwingine bila ruhusa. Mshahara gulden 400, hela ya kule, kwa mwaka.

Vijana mnaguna, lakini ngojeni. Kwa mtu aliyekuwa analala na njaa Vienna ile ilikuwa pesa ya uhakika kila mwaka na juu yake amepewa okestra nzima ya kujaribia kila anachokiwaza, na alikaa pale karibu miaka 30. Mwaka 1772 bwana alichelewesha watu kule kwenye jumba lake la mashambani, wanamuziki wamekumbuka wake zao na watoto na hawawezi kumwambia. Haydn akatunga simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra, ambayo mwishoni kila mpigaji akimaliza kipande chake anazima mshumaa wake, anabeba chombo anaondoka, mmoja mmoja, mpaka wakabaki wapiga fidla wawili tu wanapiga taratiibu. Bwana akaelewa, kesho yake amri ikatoka watu warudi mjini. Mimi nikiisikia ile sehemu ya mwisho huwa nakumbuka siku za bendi tumekaa kambini miezi na hatujui tunarudi lini.

Ila kilichomtajirisha Haydn ni karatasi ya pili. Mwaka 1779 walisaini mkataba mpya na kile kifungu cha kazi zote ni mali ya bwana hakikuwemo tena. Hapo ndo akaanza kuuza kwa wachapishaji, jina likafika London, akaenda 1791 na tena 1794, akarudi na pesa ambayo fundi wa magurudumu asingeiota. Kipaji kilikuwepo tangu mwanzo, kilichobadilika ni kifungu kimoja.

Na wazee msione hii ni habari ya kizungu, huu mfumo tumeuishi. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, vyombo vya chama, mshahara wa chama. Polisi Jazz hivohivo, Kimulimuli ya JKT hivohivo. Mtu alikuwa ni mwanamuziki na ni mwajiriwa, ana siku ya mshahara. Uzuri wake mtoto alikula kila mwezi. Swali ambalo wengi hatukuliuliza wakati ule ni ule wimbo uliotunga wewe ni wa nani siku ukiacha kazi.

Nije kwenye meli ya Titanic, hii wote mnaijua, mmeona kwenye tivii watu wanapiga fidla huku meli inazama. Wale walikuwepo kweli. Walikuwa wanane, kiongozi wao Wallace Hartley, miaka 33, na ndo hao hao wanamuziki wa muziki mwepesi ninaowasemea, wanapiga waltz wakati wa chakula. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 walipiga kuwatuliza watu na hakuna hata mmoja aliyetoka hai.

Ambacho tivii haiwaambii ni mikataba yao. Zamani mwanamuziki wa meli aliajiriwa na meli yenyewe, halafu akatokea wakala wa Liverpool akachukua tenda ya kupeleka wanamuziki kwenye makampuni ya meli, na mshahara ukashuka kutoka pauni 6 na nusu kwa mwezi mpaka pauni 4, hela ya sare nayo ikafutwa. Ukikataa hupandi meli yoyote. Na kwenye Titanic waliandikishwa kwa tiketi ya daraja la pili, kama abiria. Sasa meli imezama, familia zinaenda kudai fidia ya mfanyakazi, kampuni ya meli inasema hawa sio wafanyakazi wetu ni abiria, wakala naye anasema yake, na mahakama ikaona kwa sheria ilivyo hawana pa kudaia. Alikuwepo kijana anaitwa Jock Hume, mpiga fidla wa Dumfries kule Scotland, miaka 21, ana mchumba mjamzito. Wiki mbili baada ya kufa, tarehe 30 Aprili, wakala akamwandikia baba yake barua. Sio ya pole. Bili. Shilingi 14 na peni 7 za wakati ule, deni la sare ya marehemu, beji na kushona vifungo, tafadhali lipa.

Nimeisoma hiyo barua mara nyingi na kila mara nasimama pale kwenye vifungo. Mtoto yuko chini ya bahari, baba anadaiwa vifungo.

Wenzao hawakukaa kimya. Chama cha wanamuziki wakaichapisha ile barua watu waione, na mwezi wa tano okestra 7 za London zikakusanyika Royal Albert Hall wapigaji karibu 500 kwa pamoja kuchangia familia. Na mfuko wa maafa mwishowe ukazisaidia familia kama za mabaharia wengine. Lakini angalieni ilichukua nini, ilibidi wafe wanane mbele ya dunia nzima ndo watu waulize hivi hawa walikuwa wameajiriwa na nani.

Mwaka huohuo 1912, mwezi wa tisa, kule pembeni ya London akafa Samuel Coleridge-Taylor. Huyu damu yake ni yetu, baba yake daktari wa Sierra Leone, mama Mwingereza, amelelewa upande wa mama. Akaanza fidla mdogo, miaka 15 yuko chuo kikuu cha muziki London. Mwaka 1898 ana miaka 23 akatunga kazi ya kwaya na okestra kuhusu arusi ya Hiawatha, shujaa wa shairi moja la Marekani, na kila kwaya ya Uingereza ikaitaka, nota zikauzwa mamia kwa maelfu. Ila alikuwa ameshaiuza. Yote, moja kwa moja, kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Baada ya hapo kila nakala iliyouzwa yeye hakuona hata senti, ikabidi awe mtu wa kukimbia tu, afundishe huku, aongoze kwaya kule, awe jaji wa mashindano, treni hii treni ile, na siku moja akaanguka stesheni ya treni karibu na nyumbani. Nimonia. Miaka 37, ana mke na watoto wawili.

Sasa ndugu zangu wa Rungwe hii mbona mnaijua kuliko mtu yeyote. Dalali anakuja shambani parachichi bado ua, una shida ya ada ya mtoto, anakupa hela kidogo ya mti mzima, unashukuru. Mwezi wa sita lori linapakia na wewe umesimama pembeni unahesabu kreti ambazo sio zako. Coleridge-Taylor aliuza likiwa ua. Na simlaumu, alikuwa kijana, ana shida na hakuna aliyemwambia.

Habari yake iliwachoma sana wenzake na ni moja ya sababu zilizosukuma mpaka 1914 watunzi na wachapishaji wa muziki wa Uingereza wakaanzisha chama cha kukusanya malipo kila kazi inapopigwa hadharani. Na mmoja wa waanzilishi alikuwa Eric Coates, huyu mtoto wa daktari wa Hucknall, mpiga viola kwenye okestra kubwa ya Queen's Hall. Huyo naona wapigaji wote tungemjua. Mkono wa kushoto ukaanza kumsumbua mishipa, mtu anapiga kwa maumivu, na 1919 ikawa basi, akatoka okestra hakuipiga tena viola. Kwa Coleridge-Taylor huo ungekuwa mwisho wa chakula. Kwa Coates haikuwa, kwa sababu sasa kila redio na kila bendi ya hoteli ikipiga kazi yake kuna kitu kinarudi nyumbani. Akakaa akatunga muziki mwepesi tu, machi na waltz na vipande vya redio, kimoja alichoandika 1930 BBC wakakichukua mwaka 1942 kufungulia kipindi na mpaka leo kipo. Mkono umekufa, karatasi inafanya kazi. Kwetu ipo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, nyie mnaotunga naomba mkajiandikishe, hata kama wimbo ni wa kwaya ya mtaa.

Na wale mnaopanga sauti, wewe binti uliyeandika sehemu ya tenahoni, lile tarumbeta la sauti ya kati, wiki hii na wewe wa besi, jina liandikeni juu ya nota. Wazee wenye santuri wanamjua Mantovani, kiongozi wa okestra ya muziki mwepesi, yale mafidla ya mwaka 1951 yanayomwagika kama maji ya maporomoko, kila nota inabaki inaning'inia wakati nyingine inaingia. Wazo lile na maandishi yale ni ya Ronald Binge. Sasa inueni mkono nani hapa alikuwa anamjua Binge. Ndo hivyo.

Na mimi yamenikuta. Sitataja ukumbi wala kamati, ni miaka kadhaa sasa, tuliitwa arusi Mbeya mjini, sisi saba. Kwa simu tu, njooni tutaelewana. Tumepanda kwenye pikapu tangu Uyole tunaongoza magari ya bibi arusi mpaka ukumbini, mvua imetupata Mafiati, tumepiga mpaka usiku. Wakati wa malipo mtu wa kamati akatuonyesha meza ya pilau akasema wanamuziki mlishakula eh? Basi. Tukaenda stendi na besi letu lile kubwa, kondakta wa Hiesi anasema hilo dude linalipiwa siti mbili. Nililipa siti mbili za besi kwa hela yangu ya mfukoni. Nilichokosea ni kimoja, sikuwa na karatasi. Tangu siku ile siendi bila karatasi, hata kama ni ya daftari: tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, wapigaji wangapi, nauli ya nani, nusu inatangulia. Fundi wa kupaua nyumba yako hapandi juu bila hela ya kianzio na hakuna anayemwita mroho. Na siku hizi watu wa kamati nikiwapa ile karatasi wengine wananikasirikia kidogo halafu wanalipa.

Mabinti. Kuna mtu alisema wiki hii tromboni ni ya wavulana na nilikasirika kweli. Huko kwa wenzetu walikuwa na ugonjwa huohuo, okestra ya Vienna Philharmonic imekubali mwanamke kama mwanachama kamili mwaka 1997, juzi tu hapo, na mpiga kinubi huyo alikuwa ameshapiga nao miaka na miaka. Kilichosaidia Marekani ni pazia. Wanaofanyiwa usaili wanapiga nyuma ya pazia, majaji hawaoni mtu, na sehemu nyingine wanatandika zulia au wanavulishwa viatu ili hata mlio wa kisigino usiseme nani anatembea. Mwezi wa nane tunachagua kikosi cha kwenda Iringa na mimi nimeshamuomba mama mchungaji yale mapazia mazito ya ofisini.

Halafu masikio, na hapa nasema na walimu wenzangu. Mwaka 2012 mpiga viola mmoja wa okestra ya jumba la opera Covent Garden alikaa mazoezini mbele kabisa ya mstari wa tarumbeta na tromboni, kelele zikapita desibeli 130, akaharibika masikio na mwishowe kazi ikaisha. Alishinda kesi mahakama kuu London 2018. Lile lilikuwa jumba limejengwa kwa ajili ya muziki. Sisi tunapiga kwenye chumba cha bati tena mvua ya Tukuyu inagonga juu, na watoto wa miaka tisa tumewakalisha mbele ya midomo ya tromboni kwa sababu ni wafupi. Kuanzia leo watoto wanakaa pembeni, na mapumziko kila baada ya nusu saa, midomo nayo ni nyama.

Kwahiyo baba yangu uliyeuliza. Sio kila mtoto hapa ataajiriwa na bendi. Wengine watakuwa kama wale wa Kinshasa, Armand Diangienda alikuwa rubani, kazi ya urubani ikamwishia, mwaka 1994 akaanzisha okestra ndani ya kanisa la Kimbangu, vyombo havitoshi wanapokezana, uzi wa fidla ukikatika wanafunga waya wa breki ya baiskeli, na wapigaji wengi mchana ni mafundi na wauza duka, jioni wanampiga Beethoven. Mwanao anaweza akawa fundi umeme na mpiga tarumbeta, na tarumbeta ikamlipa Jumamosi. Ninachokuomba ni siku akija na karatasi ya kusaini uisome naye, tena polepole, hasa pale panapoandikwa mali ya nani.

Nimemaliza hayo, sasa mambo ya kesho. Huu utaratibu wa kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka ulianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, mwaka uleule aliozaliwa Haydn, na ulifika huku na wamisionari wa Moravian waliokuja Rungwe 1891. Tunakutana saa kumi na moja kamili getini, sio na robo. Besi linabebwa na pikapu ya mzee wa usharika, tumeshamwekea mafuta na imeandikwa. Kila mtu aje na mfuko wa nailoni wa kufunika chombo chake maana mvua ipo, na mafuta ya vali yako kwa yule binti wa tenahoni, ameyafunga kwenye khanga ya njano. Wimbo wa kwanza tunauanza taratibu sana, wapigaji wawili tu, halafu wengine mnaingia mmoja mmoja kadiri kunavyopambazuka.